Alhamisi ya Surua

Nesi aliigeuza kadi ya mwanangu nyuma na mbele, akailaza mezani, akaweka kidole juu ya kisanduku kimoja kitupu. "Mama Neema," akasema, bila ukali wowote, "huyu ana deni."

Nilikuwa nimempeleka Baraka kwa ajili ya kikohozi. Alikuwa na miaka 2 na miezi 3. Sehemu ya mwanzo ya kadi ilikuwa imejaa tarehe za miandiko tofauti: siku aliyozaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha mwezi wa 9. Mbele ya mwezi wa 18 hapakuwa na kitu. Chanjo ya pili ya surua na rubela ilikuwa haijachomwa, na kwa miezi 9 mtoto alikuwa akitembea na deni asilolikopa. Nilikuwa nikimpakata kwenye daladala, nikimwacha kwa jirani mwenye watoto wanne, nikaenda naye harusini Mbagala akapokezanwa mikono kwa mikono, na muda wote huo nikijihesabu kuwa mama makini.

"Leo Jumatatu," nesi akaendelea. "Mlete Alhamisi, ndiyo siku ya surua."

Nilitoka pale nimeinamisha kichwa. Aibu ile imenifikirisha kwa muda mrefu, kwa sababu nilipoichunguza sikuona uzembe nilioutarajia. Niliona nyumba yenye watu sita, kila mmoja akiwa na tarehe zake, na tarehe zote zikiwa zimehifadhiwa katika kichwa kimoja, changu, kichwa ambacho pia huhifadhi ada, nauli, gesi inayokaribia kuisha na mitihani ya darasa zima la Kidato cha Pili.

Nianze na hiyo Alhamisi, maana wengi wetu tunadhani siku za chanjo hupangwa kwa kumpunguzia nesi kazi. Sababu imo ndani ya kichupa chenyewe. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga mkavu. Nesi huuchanganya na maji yake maalumu, na ukishachanganywa, unaishi saa 6 tu. Zikipita, kilichobaki humwagwa. Kichupa kimoja kinatosha watoto 10. Akifika mmoja siku ya Jumatatu, nesi ana mambo mawili mbele yake: afungue kichupa kwa ajili ya mtoto mmoja na kumwaga dozi 9, au amwambie mama arudi siku ambayo watoto watatosha. Miongozo ya chanjo humtaka afungue hata kwa mmoja, kwa kuwa mtoto aliyerudishwa nyumbani ana hatari ya kutorudi. Lakini nesi anayejua akiba yake ya mwezi ni vichupa vingapi huona kwa jicho jingine. Sikumlaumu siku ile, na hadi leo simlaumu. Ninachosema ni kwamba "njoo Alhamisi" ni maneno mawili kwake, na kwangu ni nusu siku nyingine.

Tunaambiwa chanjo ni bure, na ni kweli, dirishani hatutoi hata shilingi. Bei yake ni nusu siku. Unaamka saa 11 alfajiri uwahi benchi la mbele, mtoto anavuliwa na kutundikwa kwenye mizani ile ya kuning'inia ndani ya kaptula ya kitambaa, analia, uzito unaandikwa, unasubiri somo la lishe, unasubiri sindano, unasubiri kadi. Ukitoka ni saa 6 mchana. Muuza maandazi amepoteza chai nzima ya asubuhi. Mwalimu amemwomba mwenzake amshikie vipindi viwili, na fadhila hiyo italipwa wiki ijayo.

Halafu kuna hesabu ambayo sijasikia mtu akiifanya hadharani. Sheria yetu ya kazi inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi. Hizo ni wiki 12. Chanjo za mtoto ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Yaani mbili za kwanza zinamkuta mama nyumbani, matiti yamejaa maziwa, hana kitu cha kufanya isipokuwa kumtazama mtoto huyo, na ya tatu inamkuta amekwisharudi kazini wiki mbili nzima. Ya miezi 9 inamkuta ameshazama. Ya miezi 18 inamkuta mtoto ameshaota meno, anakimbia uani, anakula ugali na dagaa, na hakuna chochote mwilini mwake kinachomnong'oneza mama yake kwamba bado jambo moja.

Wala dozi hiyo ya pili si ziada. Mtoto wa miezi 9 bado ana mabaki ya kinga aliyopewa na mama yake tumboni, na mabaki hayo huzuia chanjo isifanye kazi sawasawa. Katika kila watoto 100 wanaochanjwa katika umri huo, karibu 15 hubaki bila kinga, na kwa macho huwezi kuwatambua. Dozi ya pili inakwenda kuwatafuta hao 15. Surua nayo haina subira: ili ikose njia mtaani, watoto 95 katika 100 wanapaswa kuwa wamechanjwa dozi zote mbili. Kisanduku kitupu cha Baraka kilikuwa pengo katika ua wa mtaa mzima.

Lugha yetu inalijua jambo hili vizuri kuliko mabango ya zahanati. Tunasema kukinga maradhi, na tunasema kukinga maji. Nilipokuwa mdogo, wingu likijikusanya, mama alipaza sauti, "Kingeni maji!" nasi tulikimbiza ndoo, madebe na sufuria chini ya michirizi ya bati kabla tone halijaanguka. Mvua ikishakatika, ndoo utakayoileta haina kazi. Kukinga ni kuweka chombo mahali pakavu, kwa imani kwamba maji yatafika. Mtu anayepita njiani wakati huo anaona ndoo tupu tu zimepangwa nje ya nyumba. Ndivyo kinga ilivyo: wakati wake wa kufanywa ndio wakati inapoonekana haina haja.

Ugonjwa una sauti. Homa humwamsha mama usiku, jino humtoa mtu machozi, na nyumba nzima husimama. Kinga haina anayeilia. Inamtegemea anayekumbuka, na kukumbuka ni kazi, kazi yenye uzito kama kufua, ila haina beseni wala povu, kwa hiyo hakuna anayeiona wala anayejitolea kuishika upande mmoja.

Kadi ya kliniki ilibuniwa kuisaidia kazi hiyo, na mimi naipenda ile karatasi. Mchoro wake wa uzito wenye kijani, kijivu na nyekundu mama asiyejua kusoma anauelewa: mtoto akipanda ndani ya kijani ametulia, akishuka kwenye kijivu roho inamruka. Mama yangu alizihifadhi kadi zetu kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, katikati ya kanga zake mpya, pamoja na vyeti vya ubatizo. Lakini kadi hiyo inakoma mtoto akifika miaka 5. Baada ya hapo mwanadamu hana kadi. Ataishi miaka 60 mingine, Mungu akipenda, bila karatasi yoyote inayosema lini apimwe nini, mpaka siku atakapougua na kufunguliwa faili. Mwanamke atapata kadi nyingine akiwa mjamzito. Mwanamume hatapata tena.

Na hapo ndipo linapokuja neno lenyewe, kliniki. Mtaani kwetu ukisema "fulani ameanza kliniki," kila mtu anajua ana mimba. Mwanamume anayekwenda kliniki ni yule ambaye sukari au presha imekwishampata. Mwanamume mzima anayekwenda hospitali akiwa mzima hana jina katika mazungumzo yetu. Nilijaribu kulitafuta siku nilipotaka kumshawishi baba Neema. Nilimwambia usiku, watoto wamelala, "Baba Neema, hebu twende tukapime." Akakaa kitandani wima. "Kwani umesikia nini?"

Nilimwelewa baadaye. Kwa watu wa umri wetu neno kupima lina historia. Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe walipima virusi vya UKIMWI hadharani Dar es Salaam, wakazindua kampeni ya nchi nzima, na kwa miaka mingi baada ya hapo swali "umepima?" lilikuwa na maana moja tu. Kampeni ile iliokoa watu wengi sana, na nashukuru ilikuwepo. Ila ililichukua neno lote. Mume anayeambiwa na mkewe "tukapime" husikia tuhuma kabla hajasikia upendo. Mimi nilikuwa namaanisha presha. Baba yake alianguka dukani akiwa na miaka 52, mzigo wa saruji umeteremshwa muda si mrefu, na hakuna aliyewahi kumfunga kile kitambaa cha mkononi hata mara moja katika maisha yake.

"Sijisikii vibaya," akanijibu.

Hilo ndilo gumu kuliko yote kulieleza. Presha hupita 140 kwa 90 na kuendelea kupanda huku mwenye nayo akila, akicheka, akifunga duka na kufungua. Kichwa hakiumi. Mishipa inaumia kimyakimya, figo zinachoka, moyo unanenepa kwa kusukuma, na dalili ya kwanza inaweza kuwa upande mmoja wa mwili kugoma kuitika. Kwa mwili wa namna hiyo, "sijisikii vibaya" si habari.

Lakini pia ana duka la vifaa vya ujenzi Buguruni. Hufungua saa 1 asubuhi, na fundi akikuta limefungwa anakwenda duka la pili na huenda asirudi tena. Nusu siku yake ina bei, nami siwezi kuidharau, kwa maana chakula chetu kinatoka humo.

Bibi, mama yake, anaishi nasi, na ndiye aliyenifundisha mengi kuhusu jambo hili kuliko kitabu chochote. Bibi alikuwa msichana kijijini huko Korogwe mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Anaikumbuka kwa furaha, kama watu wanavyokumbuka sherehe. Watu walikusanyika kwenye vikundi, redio katikati, kitabu mkononi mwa anayejua kusoma, wakisikiliza kipindi kila wiki kwa wiki 12: malaria, kuhara, kichocho, safura, kifua kikuu. Kipindi kikiisha wanajadili, na mjadala ukiisha wanakwenda kufanya. Takriban watu milioni 2 walishiriki nchini kote. "Wanaume walichimba vyoo," Bibi husema, na kila mara hulitamka kama jambo la kushangaza. "Babu yenu alifyeka kichaka chote kile cha nyuma. Aliambiwa na redio."

Napenda kumsikiliza, na kila mara nabaki na jambo moja. Kampeni ile haikumwita mama peke yake. Ilikaa na kijiji kizima, na kazi ya kukumbuka ikagawanywa: huyu choo, huyu vidimbwi, yule kuchemsha maji. Sisi siku hizi tuna chanjo ambazo kijiji cha Bibi hakikuziota, chanjo moja ya sindano inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na bakteria wa Hib kwa mpigo, matone ya rota, chanjo ya nimonia. Dawa imeongezeka na wakumbukaji wamepungua.

Bibi mwenyewe ana presha, ya kujulikana na yenye vidonge. Kwa mwaka mzima alikuwa akivimeza kichwa kikimuuma tu, na kichwa kikiacha, anavifunga kwenye ncha ya kanga. "Nimepona, mwanangu, mbona nimeze?" Hakuwa mkaidi. Katika maisha yake yote dawa ilikuwa kitu cha kumfukuzia mgeni aliyekwishaingia. Hakuna aliyemwambia kuna dawa ya kuzuia mgeni asibishe hodi. Siku nilipomwambia kidonge ni ndoo ya kukingia maji, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mvua yenyewe ni nini?" Nikamwambia ni kile kilichomchukua Babu. Tangu siku hiyo anameza kila asubuhi na uji wake, na akisahau, Neema humkumbusha.

Neema ana miaka 12. Mwaka 2024, akiwa na 10, alirudi na taarifa kutoka shuleni: chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Nchi yetu ilianza kuitoa kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili, na Aprili 2024 ikafungua mlango kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja. Jioni ile simu yangu haikutulia. Wazazi walitumiana sauti na maandishi: itawafunga kizazi, mbona wasichana tu, mbona wadogo hivi. Sikuwacheka, na naomba asiwacheke mtu. Mzazi anayeuliza "mbona mdogo" anaulizia mwanawe, na swali lake lina jibu la heshima. Kirusi kinacholeta saratani hiyo husambazwa kwa kujamiiana, na chanjo huweka ulinzi kabla kirusi hakijakutana na mwili. Baada ya hapo nguvu yake hupungua. Aina mbili tu za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, husababisha karibu saratani 7 katika kila 10 za mlango wa kizazi. Umri mdogo si kosa la mpangilio. Ni ndoo mahali pakavu.

Mimi sikuwa na mjadala moyoni. Mama yangu mdogo alimalizikia kwenye kitanda cha hospitali ya saratani ya Ocean Road. Alikuja kutibiwa akiwa amekwishatokwa damu miezi mingi, akiona haya kuisema hata kwa dada yake. Neema alichanjwa. Alirudi akinionyesha bega kama askari aliyerudi vitani, na nilimkumbatia kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia.

Lakini usiku ule, nikizima taa, swali likanijia lenyewe: na wewe je? Nilikuwa na miaka 41. Sikuwahi kuchunguzwa.

Kuna mtu namkumbuka kila ninapofikiria hili. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Oktoba 1977 aliugua ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa maambukizi ya kawaida. Wachanjaji walikuwa wamejaa nchi nzima, yeye alikuwa akifanya kazi ndani ya hospitali, na bado hakuwa na kinga. Alipona, na miaka ya baadaye akawa akizunguka kuwashawishi wazazi wakubali chanjo ya polio. Alikuwa katika kazi hiyo alipofariki kwa malaria mwaka 2013. Namwona kama ndugu. Mtu anayewapikia wengine ndiye anayesahaulika sahani. Katika nyumba nyingi mwenye kuzijua tarehe za wote ndiye asiye na tarehe yake.

Nilikwenda wiki mbili baadaye. Uchunguzi wenyewe ni mfupi kuliko foleni yake. Nesi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, jamii ileile ya siki tunayotia kwenye kachumbari, na kusubiri dakika moja hivi. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Ikionekana mapema, mara nyingi hutibiwa palepale, hata kabla haijawa saratani. Nesi aliniambia nimetoka salama, nirudi baada ya miaka mitatu. Nilikaa nje kwenye benchi nikamlilia mama mdogo. Dakika moja, na siki.

Baraka alipata dozi yake Alhamisi ile niliyotajiwa. Sikumpeleka mimi. Nilikuwa na mitihani ya kusimamia, na kwa mara ya kwanza niliisema tarehe kwa sauti, mezani, mbele ya wote, badala ya kuimeza. Kimya kilipita. Kisha baba Neema akasema atafungua duka saa 6.

Alikwenda na Baraka begani na Bibi pembeni, kwa kuwa Bibi naye alipaswa kupimwa presha. Ni Bibi aliyenisimulia. Nesi alimpima Bibi, akaandika, kisha akamtazama mwanawe aliyekuwa amesimama na mtoto anayelia, akasema, "Baba, kaa hapa nawe, mkono wenyewe huu." Hakusema kupima. Alimfunga kitambaa. Ilisoma 152 kwa 96. Akaambiwa mara moja haitoshi kumwita mtu mgonjwa, arudi wiki ijayo ipimwe tena akiwa ametulia, apunguze chumvi, na asipotee.

Hakuniambia kitu jioni ile. Nilikuja kujua siku mbili baadaye nilipopita dukani kuchukua pesa ya gesi na kulifungua daftari la madeni, lile analoandika mafundi wanaochukua misumari kwa ahadi ya Jumamosi. Chini ya jina la fundi bomba, kwa mwandiko wake wa haraka, palikuwa na mstari mpya: Baraka, amelipa. Chini yake: Mama, kidonge kila siku. Na chini zaidi, jina lake mwenyewe, lote, la kwanza na la ukoo, na mbele yake, Alhamisi.